Chumba cha Giza au Printa: Picha Nyeusi na Nyeupe Ichapwe Wapi?

Picha nyeusi na nyeupe haina rangi ya kuisitiri. Kosa dogo la mwanga ambalo kwenye picha ya rangi lingefichwa na wekundu wa kanga au ubuluu wa bahari, hapa hubaki wazi. Ndiyo maana wapiga picha wa aina hii wamekuwa wakali juu ya uchapaji kuliko wenzao, na ndiyo maana printa ya wino ilipoingia katika miaka ya 1990 iliamsha ubishi mkubwa. Upande mmoja walisimama waliolelewa katika chumba cha giza, kwenye taa nyekundu, mabeseni ya dawa na karatasi yenye madini ya fedha. Upande wa pili walikuwapo walioketi mbele ya kompyuta na mashine inayorusha vitone vya wino. Zaidi ya miaka thelathini imepita, vifaa vimebadilika kabisa, na ubishi bado upo.

Naamini umedumu kwa sababu umeng'ang'ania swali lisilo na kipimo: ipi kati ya hizi ndiyo picha ya kweli? Yapo maswali mengine yenye majibu. Weusi wa karatasi ni mweusi kiasi gani? Mchapaji huamua lini, na uamuzi wake hukaa wapi? Nakala ya kumi itafanana na ya kwanza? Itaishi miaka mingapi katika joto na unyevu wetu? Tukiyachukua moja moja, jibu litapatikana, ingawa halitaupa upande wowote ushindi wa jumla.

Picha inavyotokea

Karatasi ya chumba cha giza imepakwa jelatini iliyobeba chumvi za fedha. Mwanga hupita kwenye negativu, hupanuliwa na lenzi ya mashine ya kukuzia, kisha huiangukia karatasi. Hapo chumvi hupata mabadiliko ambayo jicho haliyaoni. Karatasi ikiingizwa kwenye dawa ya kusafishia, chumvi zilizoguswa na mwanga hugeuka kuwa fedha halisi, na fedha iliyo katika chembe ndogo kiasi hicho huonekana nyeusi. Asidi hafifu husimamisha kazi hiyo. Mwishowe dawa ya kugandisha huyeyusha chumvi ambazo hazikuguswa na mwanga, ili picha ikitolewa nje isiendelee kuwa nyeusi. Mwingereza John Herschel aligundua uwezo wa dawa hiyo wa kuyeyusha chumvi za fedha mwaka 1819. Mwenzake William Henry Fox Talbot alisajili njia yake ya negativu mwaka 1841. Kemia imeboreshwa mara nyingi tangu hapo, lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Karatasi hizo ni za aina mbili. Ya kwanza imefunikwa kwa plastiki pande zote mbili. Haifyonzi dawa, huoshwa kwa dakika mbili hivi na kukauka upesi, na ndiyo iliyopendwa na studio za picha za pasipoti. Ya pili ni ya nyuzi tupu, yenye tabaka jeupe la salfeti ya bariamu chini ya jelatini. Wachapaji huiita barita. Huoshwa kwa muda mrefu na hujikunja ikikauka, lakini ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya picha nyeusi na nyeupe zilizo katika makumbusho ya dunia.

Printa hufanya kazi tofauti kabisa. Kichwa chake kina matundu madogo sana yanayorusha vitone vya wino vya pikolita chache, na pikolita ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Kijivu hupatikana kwa kupanga vitone hivyo, karibu karibu au mbali mbali, vyeusi tii au vyepesi. Hapa ndipo printa za mwanzo zilipokwama. Kwa wino mmoja mweusi, sehemu angavu za picha zilionyesha punje kama za mchanga. Wachapaji walipojaribu kutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi, picha iliegemea kijani au zambarau.

Historia ya kutoka kwenye tope hilo ni fupi, na inafaa kuijua kwa sababu maneno mengi mabaya yanayosemwa juu ya printa yalikuwa kweli wakati fulani. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash na mwenzake Mac Holbert walifungua Nash Editions huko Manhattan Beach, California. Walitumia printa ya Iris iliyokuwa imeundwa kwa ajili ya viwanda vya uchapaji kujaribishia kurasa. Nakala zake zilikuwa nzuri, lakini wino ulikuwa wa rangi iliyoyeyushwa, nao ulichujuka haraka kwenye mwanga. Mwaka 2000 Epson ilileta printa ya mezani, Stylus Photo 2000P, yenye wino wa chembe ngumu zisizoyeyuka. Tatizo la kuchujuka lilipungua sana, ila picha ya kijivu iliyopendeza chini ya balbu iligeuka kijani ikisogezwa dirishani. Mwaka huohuo Jon Cone wa Vermont, Marekani, alitoa mfumo wa Piezography, akiondoa rangi zote kwenye printa na kujaza wino mweusi wa madaraja mbalimbali. Kampuni kubwa zikafuata mkondo huo. Mwaka 2005 Epson ilitoa wino wa K3, wenye nyeusi ya ngazi tatu. Kuanzia hapo mtu aliyeijua kazi yake aliweza kuchapa kijivu kisichoegemea rangi yoyote.

Weusi unaopimika

Weusi wa karatasi hupimwa kwa kifaa kinachosoma mwanga unaorudi. Karatasi ya barita yenye mng'aro, ikisafishwa vizuri, hufikia kipimo cha 2.1 au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba sehemu nyeusi kabisa hurudisha chini ya asilimia 1 ya mwanga ulioiangukia. Karatasi ya pamba isiyong'aa, inayopendwa sana na wachapaji wa wino, hufika 1.6 au 1.7, na hivyo hurudisha kati ya asilimia 2 na 2.5. Tofauti inaonekana ndogo kwenye tarakimu, lakini jicho huiona papo hapo: koti jeusi la bwana harusi kwenye karatasi ya fedha lina kina, na kwenye pamba lina ukungu kidogo.

Kwa miaka mingi huo ulikuwa ushindi wa wazi wa chumba cha giza. Haupo tena. Katikati ya miaka ya 2000 watengenezaji walianza kuuza karatasi za printa zenye tabaka la barita, zikiwa na uso unaokaribiana na wa karatasi za fedha. Karatasi hizo, zikipewa wino mzuri, hufikia 2.3 na hata 2.5. Kwa kipimo tupu cha weusi, printa imeipita fedha.

Hata hivyo kipimo si picha nzima. Katika karatasi ya fedha, picha imo ndani ya jelatini. Mwanga huingia, hukutana na fedha, hugonga weupe wa bariamu ulio chini na kurudi kupitia njia ileile, na uso wa juu ni mmoja, laini, kuanzia kwenye weusi hadi kwenye weupe. Wino wa chembe hukaa karibu na uso wa karatasi. Ukiinamisha nakala ya wino yenye mng'aro, wakati mwingine utaona sehemu nyeusi zikimeta kama shaba, na sehemu nyeupe zisizo na wino zikiwa na mng'aro mwingine. Kasoro hiyo imepungua sana, na nyuma ya kioo haionekani, lakini anayeishika picha mkononi huitambua. Kwenye karatasi isiyong'aa haipo kabisa. Kwa hiyo anayependa uso mkavu, wa karatasi inayohisika kuwa karatasi, atapata kwa wino kitu ambacho fedha haikukipa kwa uzuri huo.

Uamuzi hufanyika lini

Mmarekani Ansel Adams, aliyewahi kusomea piano, aliifananisha negativu na nota za muziki, na nakala na upigaji wenyewe. Maisha yake yanathibitisha. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliipiga mwaka 1941. Nakala za mwanzo zina anga yenye mawingu mepesi. Kadiri miaka ilivyopita aliichapa anga ikizidi kuwa nyeusi, na mwaka 1948 aliirudisha sehemu ya chini ya negativu kwenye dawa ili kuipa nguvu nyumba na misalaba ya makaburini. Nakala zinazojulikana zinapita 1,300. Ni picha moja, na anga zake ni nyingi.

Katika chumba cha giza kazi hiyo hufanywa kwa mikono, mwanga ukiwa unaanguka. Mchapaji huzuia mwanga kwa kiganja au kwa kipande cha kadi kilichofungwa kwenye waya, ili uso wa mtu usiwe mweusi kupita kiasi. Kisha huongeza sekunde kadhaa kwenye anga pekee. Karatasi ya Multigrade, iliyotolewa na Ilford mwaka 1940, humruhusu kubadili ukali wa weusi na weupe kwa kubadili rangi ya chujio. Lazima pia akumbuke kwamba nakala mbichi huonekana angavu kuliko itakavyokuwa ikikauka, hivyo hupunguza mwanga mapema. Yote haya hutokea ndani ya sekunde chache, na kosa hulipiwa kwa karatasi nzima.

Kwa printa uamuzi huohuo hufanyika kwenye skrini, polepole, na hurekebishika. Unaweza kuing'arisha mboni ya jicho bila kugusa kope. Unaweza kulala na kuamka ukabadili mawazo. Kwa upande wa udhibiti, chumba cha giza hakiwezi kushindana, na anayesema vinginevyo hajakaa na programu nzuri ya kuhariri picha. Hatari yake ni ya upande wa pili: skrini hung'aa kwa mwanga wake na karatasi hupokea mwanga wa chumba, kwa hiyo asiyesawazisha skrini yake kwa kifaa cha kupimia hupata nakala nyeusi zaidi ya alichokiona. Tena, uhuru usio na mwisho humfanya mtu aendelee kuchokonoa picha iliyokwisha kukamilika.

Wanaosema kwamba kompyuta ndiyo iliyoleta udanganyifu wakumbuke kazi za Omar Said Bakor wa Lamu, aliyeunganisha vipande vya picha mbalimbali kwa mkono na kutengeneza taswira ambazo kamera haikuziona. Kuibadili picha ni sanaa ya zamani. Kilichobadilika ni mahali uamuzi unapohifadhiwa. Katika chumba cha giza uamuzi hukaa mikononi na katika daftari la mchapaji. Kwenye printa hukaa ndani ya faili.

Hapo ndipo swali la nakala ya kumi linapojibika. Faili iliyohifadhiwa vizuri, kwa printa, wino na karatasi ileile, hutoa nakala zinazolingana, hata kama mchapaji ni mwingine. Nakala za fedha za mkono mmoja hufanana kama ndugu, si kama pacha. Wapo wanaolipenda hilo na kulilipia zaidi. Lakini tuone pia bei yake. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948, aliwapa wateja wake nakala ndogo, nyingi za sentimita 13 kwa 18, zilizogusana moja kwa moja na negativu. Picha zake zilipopata umaarufu ng'ambo katika miaka ya 1990, negativu hizohizo zilikuzwa huko Ulaya kuwa nakala kubwa zenye weusi mkali, kwa ladha ya kumbi za maonyesho. Dunia ilimjua Keïta kupitia uamuzi wa wachapaji wengine. Fedha pekee haikulinda nia ya mpiga picha. Kinacholinda ni kumbukumbu ya namna alivyotaka picha yake iwe.

Kudumu katika hali ya hewa yetu

Sifa kuu ya picha ya fedha ni kwamba imeshajaribiwa na muda wenyewe. Zipo nakala za zaidi ya miaka mia moja zilizo safi. Zipo pia zilizogeuka njano kwa sababu dawa ya kugandisha haikuoshwa vizuri, na zilizoota uso wa kioo kwenye sehemu nyeusi kwa sababu ya hewa chafu na unyevu. Kuitia picha dawa ya seleniamu huipa fedha kinga zaidi. Jelatini yenyewe ni chakula cha kuvu, na pwani kuvu hawakosi kazi.

Nakala za wino hazijaishi muda wa kutosha kutoa ushahidi wa aina hiyo, kwa hiyo tunategemea majaribio ya maabara. Maarufu zaidi ni ya Henry Wilhelm nchini Marekani, ambayo huziangazia nakala mwanga mkali kisha kukadiria umri wake. Kwa wino wa chembe, karatasi kadhaa zimekadiriwa kuvuka miaka 100 nyuma ya kioo. Lakini tuyasome masharti: hesabu hizo zinachukua joto la nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 60. Mombasa, Tanga na Unguja unyevu huvuka kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Vilevile karatasi nyingi za bei nafuu hutiwa kemikali za kung'arisha weupe, ambazo hufifia na kuiacha karatasi njano kabla wino haujaanza kuchoka. Anayechapa kwa ajili ya wajukuu achague karatasi ya pamba isiyo na kemikali hizo, aiweke nyuma ya kioo, na asiitundike ukutani mkabala na dirisha la magharibi.

Kwa njia zote mbili, kinachoua picha mapema ni uzembe: kuosha kwa haraka upande mmoja, wino wa bandia upande mwingine.

Maji, umeme na joto

Vitabu vingi juu ya kazi hii vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, navyo hupita haraka juu ya mambo ambayo kwetu ndiyo yanayoamua. Dawa za kusafishia hupangiwa nyuzi 20. Maji ya bomba Dar es Salaam huja yakiwa moto kuliko hapo, dawa hukimbia, na jelatini hulainika na kukwaruzika. Mchapaji wa pwani hupoza mabeseni kwa barafu iliyofungwa kwenye mfuko, au hufanya kazi usiku. Karatasi ya nyuzi inataka maji mengi ya kuoshea, na penye mgawo wa maji hilo ni tatizo la kweli, ingawa dawa ya kusaidia kuosha hulipunguza sana. Dawa ya kugandisha iliyotumika hubeba fedha na haifai kumwagwa ovyo. Ikusanywe na kupelekwa panapochujwa madini hayo. Nairobi, Arusha au Bukavu, kwenye hewa ya ubaridi, nusu ya taabu hizi haipo.

Printa haihitaji maji wala giza, lakini inataka umeme usioyumba na kazi ya mara kwa mara. Ikikaa wiki kadhaa bila kutumika katika joto na vumbi, matundu huziba, na kila usafishaji hunyonya wino ambao ni ghali. Kichwa kikifa, mara nyingi hakuna fundi wala kipuri karibu. Mashine ya kukuzia haina siri: balbu, lenzi, chuma. Fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza, na ya miaka ya 1960 bado inafanya kazi.

Hata hivyo karatasi na dawa zinategemea viwanda vichache vya mbali. Ilford ya Uingereza ilianguka kifedha mwaka 2004 na kuokolewa na mameneja wake wenyewe mwaka 2005. Mwaka huohuo Kodak iliacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Foma ya Jamhuri ya Czech bado ipo. Anayejenga chumba cha giza leo ajue kwamba uhai wake unategemea majina yasiyozidi vidole vya mikono.

Njia za kati

Mipaka kati ya pande hizi imekwisha kuvunjwa na wachapaji wenyewe. Sebastião Salgado, Mbrazili aliyepiga picha za wakimbizi wa Rwanda katika kambi ya Benako, Tanzania, mwaka 1994, alihamia kamera ya dijitali mwaka 2008 akiwa katikati ya mradi wake wa Genesis. Faili zake zilihamishiwa kwenye negativu za filamu, na negativu hizo zikachapwa kwenye karatasi ya fedha. Mwaka 1995 Dan Burkholder alichapisha kitabu kinachofundisha kutengeneza negativu kwa kompyuta, na leo watu huzichapa kwa printa ya kawaida kwenye plastiki angavu, wakazigusisha na karatasi ya platini au fedha. Kuna pia mashine za leza zinazoandika faili moja kwa moja juu ya karatasi ya fedha, kisha karatasi ikapitishwa kwenye dawa.

Njia ya kinyume ni muhimu zaidi kwetu: kutoka negativu kwenda kwenye wino. Studio kama Capital Art ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, na Parekh ya Mombasa, zilitengeneza picha ambazo ndizo kumbukumbu ya sura za wazee wetu. Picha za Mkenya Priya Ramrakha, aliyeuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra, zilikaa miongo katika gereji jijini Nairobi kabla ya kufunuliwa. Masanduku ya namna hiyo yamo katika nyumba nyingi. Negativu iliyokwaruzika au kuota kuvu ni vigumu sana kuichapa vizuri kwa mashine ya kukuzia. Ikiskaniwa, doa moja moja linaweza kuondolewa bila kuigusa tena ile ya asili.

Basi tuchague vipi

Ushauri wangu unafuata mahali picha ilipoanzia na kazi inayotakiwa. Picha iliyopigwa kwa filamu, yenye negativu safi, na mchapaji aliye na maji na subira, iende kwenye chumba cha giza. Huko itapata uso na kina ambacho wino unakaribia bila kukifikia kikamilifu. Picha iliyozaliwa kwenye kamera ya dijitali ichapwe kwa wino wa chembe bila kuona haya, maana kuilazimisha ipite kwenye fedha ni gharama inayohitaji sababu. Masanduku ya studio za zamani yaskaniwe na kuchapwa kwa wino, na negativu zenyewe zitunzwe mahali pakavu na baridi, kwa kuwa skani ya leo itaonekana duni miaka ishirini ijayo. Na chuo kinachofundisha upigaji picha, hata kikiwa na kompyuta za kutosha, kiwe na mashine moja ya kukuzia na mabeseni manne. Mwanafunzi aliyelazimika kuamua kwa sekunde nane, karatasi ikiwa moja, huja kwenye skrini akijua anachokitafuta.

Kuhusu ukweli wa picha, jambo hilo linamalizwa na uaminifu wa maandishi. Nyuma ya kila nakala, kwa penseli laini, yaandikwe: karatasi gani, fedha au wino gani, nani alichapa, mwaka gani, na picha ilipigwa lini. Makumbusho hufanya hivyo, na mnunuzi ana haki ya kujua. Nakala ya wino inayouzwa kama ya fedha ni wizi. Nakala ya wino iliyochapwa kwa uangalifu na kuuzwa kwa jina lake ni kazi kamili. Kwa maelezo hayo manne au matano, atakayeirithi picha ataweza kuitunza ipasavyo, na atakayelazimika kuichapa upya atajua mpiga picha alitaka iweje.